Mgeni rasmi nani?

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, wadau. Sikuumwa wala sikusafiri. Nilikuwa nahangaika na vikombe, viti, waya za umeme na watu wazima wasiopokea simu. Sasa nimerudi, na nimerudi na la kusema.

Nianze na Jumatatu iliyopita. Asubuhi nilimpelekea mhariri wangu habari ya aya sita kuhusu shughuli tuliyoifanya Jumamosi. Akasoma mistari miwili, akashusha miwani, akaniuliza: "Mgeni rasmi nani?"

Nikamwambia hakukuwa na mgeni rasmi.

"Sasa nani alifungua?"

Hakuna aliyefungua, watu waliingia tu.

"Na aliyefunga?"

Hapo uvumilivu ukanishinda. "Mlinzi, bosi. Alifunga geti saa kumi na mbili na nusu."

Habari haikutoka. Simlaumu sana, maana miaka mitatu niliyokaa kwenye chumba cha habari nimejifunza kwamba tukio huwa tukio pale tu mtu mwenye gari lenye kibendera anaposhuka. Mtu huyo akisema neno lolote, hata kama ni kuwataka vijana wachangamkie fursa, tayari tuna kichwa cha habari. Asipokuja, hata watu mia mkigundua dawa ya malaria pale ukumbini, mtatafutiwa nafasi kwenye habari kwa ufupi, pembeni ya tangazo la viwanja.

Kwa ambao hawakuwepo, nieleze tulichofanya. Tulikuwa vijana kumi na wanne wa hapa Dar, wengi wao watu wa kompyuta, mimi mwandishi pekee. Tuliomba vyumba vinne vya madarasa kwenye chuo kimoja, tukatangaza kwamba Jumamosi nzima ni siku ya kukutana kuzungumza teknolojia, yeyote aje. Hatukualika mtoa mada hata mmoja. Ratiba hatukuwa nayo. Tulikuwa na ubao umechorwa mistari: juu majina ya vyumba, pembeni saa, katikati visanduku vitupu. Una jambo unalolijua, au usilolijua unataka wenzako wakusaidie? Andika kwenye karatasi, bandika kwenye kisanduku, hiyo ni mada yako. Watakaopenda watakuja. Wasipokuja, unabeba kiti chako unaenda kusikiliza ya jirani. Kiingilio hakuna, na posho pia hakuna. Hilo la mwisho nitalirudia.

Huko ilikoanzia wanaita BarCamp. Nchini Marekani kampuni ya O'Reilly, wachapishaji wa vitabu vya kompyuta, ilianza mwaka 2003 kuandaa mkutano uitwao Foo Camp, ambao huendi mpaka ualikwe. Agosti 2005 vijana wachache wakaamua kufanya wa kwao usiohitaji mwaliko. Wakauandaa ndani ya wiki moja, kwenye ofisi za kampuni ya Socialtext pale Palo Alto, California, wakaja watu kama 200. Jina lenyewe ni utani. "Foo" na "bar" ni maneno ambayo waandika programu huyaweka mahali pa kitu ambacho hakijapewa jina, kama sisi tunavyosema fulani na fulani. Sharti kubwa lilikuwa kwamba hakuna mtazamaji, kila aliyeingia ni mshiriki. Nairobi wakafanya ya kwao mwaka 2008, mwaka uleule Ushahidi ilipozaliwa kutokana na ghasia za baada ya uchaguzi. Januari 2010 wenzetu wa Yangon, Myanmar, chini ya utawala wa kijeshi, wakakusanya watu zaidi ya 2,700. Hebu fikiria hilo: nchi ya wanajeshi, watu 2,700 wanakutana bila kupangiwa cha kusema.

Lakini mzizi wa jambo hili ni wa nyuma zaidi, na ndiyo sehemu inayonifurahisha. Mwaka 1983 Mmarekani mmoja, Harrison Owen, aliandaa mkutano wa kimataifa wa watu 250. Alihangaika nao mwaka mzima. Ulipokwisha, kila mtu, yeye mwenyewe akiwemo, akakubali kwamba sehemu nzuri kuliko zote ilikuwa mapumziko ya chai. Mada zote zile, wageni wote wale, halafu mshindi ni chai! Akajiuliza kama mtu anaweza kuandaa mkutano ambao wote ni mapumziko ya chai. Akilini ikamjia Liberia, ambako zamani aliwahi kwenda kama mwandishi na mpiga picha. Katika kijiji kiitwacho Balamah alishuhudia sherehe ya jando ya siku nne. Kijiji kizima kilishiriki, mambo yakaenda, na yeye hakuiona kamati ya maandalizi. Mwaka 1985 akaujaribu utaratibu wake kwa mara ya kwanza: watu kwenye duara, ubao mtupu, na sheria moja inayoitwa sheria ya miguu miwili. Kama mahali ulipo hujifunzi wala huchangii, tumia miguu yako uende pengine.

Kwa hiyo akija mtu kukwambia mikutano isiyo na ratiba ni mambo ya Wazungu wa California, mwambie apite Liberia kwanza. Au asiende mbali, ahudhurie msiba Mbagala. Mtu anafariki saa nane usiku, saa mbili asubuhi turubai liko juu, viti vimefika, sufuria ziko jikoni, kuna anayeandika daftari la michango, kuna aliyekwenda makaburini na wengine. Nani aliwapa barua za uteuzi? Vivyo hivyo na kamati zetu za harusi, ambazo kwa maoni yangu ndizo taasisi zenye ufanisi kuliko zote nchini. Watu thelathini wasio na mshahara wanakusanya mamilioni kwa miezi miwili, na asiyelipa ahadi yake anapigiwa simu mpaka anahama mtaa.

Nasema haya kwa sababu tulipoanza, kila tuliyemwendea alitupa jibu moja: Watanzania hawajitolei. Si kweli. Kilichotokea ni kwamba neno lenyewe limechafuliwa. Siku hizi kijana akisema "najitolea pale ofisini" anamaanisha anafanya kazi ya mtu mzima, saa nane kwa siku, mwaka wa pili sasa, bila senti, akisubiri ajira ambayo bosi anajua haipo. Mimi nimepita huko. Miezi kumi na moja niliandika habari zikatoka kwa majina ya watu wengine na nauli natoa mfukoni. Huko si kujitolea, ni kutumikishwa. Kujitolea ni pale wewe mwenyewe unapoamua cha kutoa, na ukitaka kuacha unaacha. Ndiyo maana wale kumi na wanne hatukugawana vyeo. Tulikuwa na mhazini tu, kwa sababu hela ni hela.

Sasa nifike penye mgogoro.

Wiki tatu kabla ya siku yenyewe, kampuni moja (siitaji) ilitusikia. Wakatuita ofisini, kiyoyozi, maji ya chupa. Wakasema wako tayari kutoa shilingi milioni tatu na fulana mia moja. Masharti mawili: meneja wao atoe neno la ufunguzi, na sisi tumpate kiongozi wa serikali awe mgeni rasmi ili vyombo vya habari vije. Walisema kwa upole kabisa. Kwao ulikuwa utaratibu wa kawaida, kama kuvua viatu mlangoni.

Tukakaa kikao usiku, juu ya paa la nyumba ya mwenzetu Sinza. Mhazini wetu, dada mmoja ambaye mchana ni mhasibu, alisema tuchukue. Hoja yake ilikuwa nzito na mpaka leo sijaitua. "Kaka," aliniambia, "dakika ishirini za hotuba, tunavumilia, tunapiga makofi, anaondoka. Halafu tuna milioni tatu. Tunaweka mkalimani wa lugha ya alama. Tunalipia nauli wasichana wa shule za kata. Wewe una mshahara, ndiyo maana una nguvu ya kukataa hela."

Nilipinga, tena kwa sauti kubwa kuliko ilivyostahili. Nilipinga kwa sababu mimi ndiye kati yao ninayeishi kwenye hizo shughuli. Dakika ishirini hazipo. Mgeni rasmi anaalikwa saa tatu, anafika saa tano, na mpaka afike hakianzi kitu. Akija kuna meza kuu yenye kitambaa na maua, kwa hiyo chumba kinapata mbele na nyuma. Inasomwa risala. Kuna utambulisho, kila anayeinuka anataja vyeo vya wote walioko meza kuu, mwenye huruma anasema itifaki imezingatiwa halafu anavitaja hivyohivyo. Hotuba. Picha za pamoja kwa makundi saba. Mgeni anaondoka na nusu ya ukumbi, na waandishi wote, mimi nikiwemo, maana habari imekwisha. Wanaobaki wameshajifunza somo kubwa la siku ile: kwamba kuna waliokuja kusema na kuna waliokuja kusikiliza. Baada ya hapo, weka ubao wako mtupu uone nani atasimama kuandika.

Na kuna jambo sikulisema usiku ule, nalisema hapa. Nawajua waandishi wanavyokuja, kwa sababu ndivyo ninavyokwenda. Unafika, unauliza fomu ya mahudhurio iko wapi, unasaini, mwisho wa shughuli unapewa bahasha ya kaki, tunaiita nauli hata kama umekuja kwa miguu. Niliwahi kukaa siku mbili kwenye semina ya hoteli, nikalala usingizi mzito mchana wote wa siku ya pili, nikasaini, nikapokea, nikaandika habari nzuri sana ya semina ile. Kodi ya mwezi ule ilitoka humo. Kwa hiyo ninaposema posho inaua mazungumzo sisemi kama mtakatifu. Mtu aliyelipwa ili akae anakaa. Hatumii miguu yake hata kama haelewi chochote, kwa sababu miguu ikitoka bahasha inabaki.

Tulipiga kura. Nane kwa sita, tukakataa milioni tatu.

Tukachanga wenyewe. Elfu thelathini kila mmoja, ikawa laki nne na elfu ishirini. Wengine wakatuma kidogokidogo kwa M-Pesa, na siku yenyewe tuliweka kopo mlangoni, tukafika laki sita na themanini. Wali maharage sahani themanini, laki tatu na ishirini. Projekta mbili za kukodi, laki moja. Chai na maandazi, elfu themanini na tano. Mlinzi na usafi, themanini. Mafuta ya jenereta, sitini. Karatasi na kalamu za rangi, thelathini na tano. Mhazini, ambaye kura yake ilishindwa, ndiye aliyeuandika mchanganuo huu, akaubandika ukutani pale mlangoni, kila anayeingia auone. Ni mara ngapi umeingia kwenye kongamano ukaona bei ya maharage?

Jumamosi ikafika. Walijiandikisha 94, wakaja 61. Saa tatu na nusu ubao ulikuwa mtupu na watu wanauangalia kama mtihani. Nilitokwa jasho. Kisha kijana mmoja akabandika karatasi: "Kwa nini nazima programu." Tukadhani ni fundi wa kompyuta. Alikuwa dereva wa bodaboda.

Kile ndicho kikao bora nilichowahi kukaa, na nimekaa vingi vya kulipwa. Alieleza namna kamisheni ya programu ya simu inavyokatwa, namna bei inavyoshuka yeye akiwa hajaulizwa, na namna yeye na abiria wanavyokubaliana barabarani: abiria anafuta safari, wanaendelea kwa fedha taslimu. Chumbani walikuwemo wasichana wawili wanaoandika programu za aina hiyohiyo. Mmoja alimwambia, "Kaka, sisi huko kwenye takwimu zetu wewe unaonekana mteja amekukataa." Akajibu, "Sikukataliwa, nimekukataeni nyie." Waliendelea kubishana mpaka kwenye foleni ya chakula. Sasa niambieni, kwenye ratiba gani ya hoteli gani yule kijana angewekwa? Angeitwa mdau wa usafirishaji, na angewakilishwa na mwenyekiti wake.

Saa tano umeme ukakatika, bila shaka. Wakati jenereta linatafutiwa mtu wa kulivuta, kikundi kilitoka nje chini ya mwembe kikaanza kubishana kama tuseme kompyuta au tarakilishi. Mmoja akakumbusha kwamba mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini iliyotafsiriwa yote kwa Kiswahili. Wengi wa umri wangu walikuwa hawajawahi kuisikia. Wanafunzi watatu walibaki wakipanga maneno ya kutumia kwenye programu ya duka wanayoitengeneza. "Mkopo" au "deni"? Mama mwenye genge, aliyekuja kutuletea vitumbua, akawaambia kwake hakuna mkopo wala deni, kuna daftari. Wakaandika "Daftari."

Nisiwadanganye kwamba yote yalikwenda sawa.

Sheria ya miguu miwili, kwa malezi yetu, ni ngumu kuliko intaneti. Alikuja mzee mmoja, mhandisi mstaafu, mtu wa heshima, akaanza kusimulia historia ya simu za upepo. Dakika arobaini. Watu ishirini na mbili, hakuna aliyeinuka. Utainukaje mzee anasema? Ningeinuka mimi, marehemu bibi yangu angenitokea ndotoni. Mwishowe binti mmoja alianza kupiga makofi mzee alipovuta pumzi, wote tukafuata, mzee akafurahi, akakaa. Owen hakuliandika hilo kwenye kanuni zake, lakini kwetu ndiyo njia.

La pili ni zito zaidi. Nilihesabu karatasi za asubuhi: kumi na moja, zote za wanaume. Wasichana walikuwa karibu theluthi ya waliokuja. Tulikuwa tumejisifu kwamba ubao ni mtupu na yeyote anaweza kuandika. Ubao mtupu hauko sawa kwa wote. Aliyezoea kusema anauona kama nafasi, aliyezoea kunyamazishwa anauona kama ubao. Mchana tulifuta safu nzima tukasema hii ni ya ambao hawajaweka karatasi, na mambo yakabadilika, lakini nusu ya siku ilikuwa imeshapita. Mara nyingine tutaanza na safu hiyo.

La tatu ndilo linaloninyima usingizi. Alikuja kijana kiziwi. Alisoma tangazo letu, likasema yeyote aje, akaja. Mkalimani hatukuwa naye. Rafiki yake alikaa pembeni yake siku nzima akimchapia kwenye laptopu yale yanayosemwa, mpaka chaji ikaisha wakati umeme umekatika. Saa nane wakaondoka. Mhazini aliwaona wakitoka getini, akaniangalia. Hakusema neno. Hakuhitaji.

Bado naamini tulifanya sawa kukataa. Lakini zamani niliamini kama mtu aliyeshinda kura, sasa naamini kama mtu anayejua nani alilipa. Kuna njia ambayo hatukuifikiria usiku ule kwa sababu mimi nilikuwa napiga kelele: kuchangisha kama tunavyochangisha harusi, kwa daftari na ahadi na simu za usumbufu, tukianza miezi mitatu mapema, na fungu la kwanza kabisa liwe la mkalimani, kabla hata ya maharage. Kama tunaweza kupata milioni kumi na tano za kukodi ukumbi na MC, hatushindwi kupata laki tatu za mtu wa kutafsiri. Nimeshaandika ahadi yangu, elfu hamsini, na bahasha itakayofuata nikipewa huko niendako, kama nitakuwa na udhaifu wa kuipokea, nimeapa itaingia humo.

Saa kumi walikuja waandishi wawili wa chombo kingine, nawafahamu. Wakauliza fomu iko wapi. Nikawaonyesha ubao. Mmoja akaangalia saa, akaondoka. Mwingine alikaa, akachukua chai, mwisho akabandika karatasi ya mwisho ya siku: "Nisaidieni kulinda simu yangu isidukuliwe." Walikaa naye watu tisa mpaka mlinzi alipoanza kutikisa funguo.

Vikombe tulioshea gizani, watu watatu. Wengine wote walikuwa wamekwenda kupiga picha.

Mhazini hajanitafuta tangu siku ile, zaidi ya kunitumia hesabu za mwisho: tumebaki na sifuri kamili. Sufuria kubwa la mama yake, lile la maharage, bado liko kwangu. Nimelisugua mpaka chini. Kesho jioni nalipeleka Tabata, na daftari la ahadi mkononi, nikaombe ukurasa wa kwanza auandike yeye.